Namna ya Kununua Baiskeli Iliyotumika kwa Bei Nafuu Bila Kudhulumu Wala Kudhulumiwa

Maswali ya wanunuzi wapya wa baiskeli zilizokwisha kutumika hayabadiliki sana. Nitajuaje kwamba bei niliyotajiwa ni ya haki? Nianze kuomba kupunguziwa kutoka kiasi gani? Je, ni vibaya kununua kwa bei ya chee kutoka kwa mtu asiyejua thamani ya alichonacho? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia nyumbani kabla hujaiona baiskeli hadi siku utakapoanza kuitumia.

Msimamo wake ni mmoja: bei ya haki ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wanaweza kuihesabu pamoja huku wote wawili wakitazama kasoro zilezile. Anayehesabu kwa namna hiyo hupata unafuu mara nyingi zaidi kuliko anayetegemea maneno matamu, kwa sababu muuzaji hushindana na maneno kwa urahisi, ila kipimo kilichosomwa mbele ya macho yake kinamshinda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futi ya chuma au ya kukunja yenye alama za milimita. Rula ya shule ya sentimita 30 haifai, kwa sababu kipimo cha cheni utakachokichukua kinazidi urefu huo kidogo.
- Spana za alen za milimita 4, 5 na 6, pampu ndogo, tochi na kitambaa kikavu.
- Bei za sasa za vipuri vinavyochakaa, yaani cheni, sproketi za nyuma (visahani vyenye meno vinavyoshika cheni kwenye gurudumu), tairi, raba za breki na waya, pamoja na ujira wa fundi. Ziulize dukani kabla ya kwenda, uziandike.
- Fedha zilizogawanywa mafungu mawili, moja la kununulia na jingine la matengenezo. Fungu la pili usiliguse wakati wa kupatana bei.
- Kitambulisho, karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Amua matumizi, kisha pima mwili wako

Kwanza jiulize utaitumia baiskeli kwa safari gani: barabara ya lami, njia za mawe, kubeba mizigo, au mwendo mfupi wa kwenda kazini na kurudi. Kisha angalia ukubwa wa fremu. Ukisimama wima huku umepitisha miguu pande mbili za fremu, bomba la juu lisikuguse. Nafasi ya sentimita 2 hadi 5 inatosha kwa baiskeli ya kawaida. Ukiketi na kuteremsha pedali moja hadi chini kabisa, mguu uwe umenyooka karibu wote, goti likiwa limekunjika kidogo tu. Kiti na usukani hurekebishwa, lakini fremu hairefushwi wala haifupishwi, na hakuna punguzo linaloweza kuifanya baiskeli isiyokutosha ikutoshe.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya soko

Tafuta kwanza bei ya baiskeli mpya ya aina hiyo, au inayofanana nayo ikiwa haitengenezwi tena. Kisha kusanya matangazo kadhaa ya baiskeli za aina hiyo zilizotumika. Kumbuka kwamba bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu, na huenda hakuna aliyewahi kuilipa. Tangazo linaloendelea kuonekana kwa wiki nyingi linakuambia kuwa bei yake iko juu. Lile linalotoweka siku ileile linakuambia kuwa bei ilikuwa ya kawaida au chini ya kawaida. Ukiyafuatilia kwa wiki mbili au tatu utaanza kuiona bei halisi, na subira hiyo huokoa fedha nyingi kuliko ufundi wowote wa kubembeleza.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kwenda

Muulize muuzaji ameitumia baiskeli kwa muda gani, kwa nini anaiuza, kama imewahi kuanguka au kugongwa, ni vipuri gani vimebadilishwa, na kama ana risiti au ushahidi mwingine wa kuinunua. Omba picha za upande wa cheni na za sehemu ya chini ya fremu.

*Tahadhari:* Usitume malipo ya awali kwa baiskeli ambayo hujaiona, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine aliyekwisha kufika mlangoni. Vilevile, usianze kuuliza bei ya mwisho kabla ya kuikagua. Kufanya hivyo kunamkera muuzaji mkweli, tena kunakuondolea hoja zako zote, kwa kuwa bado huna kasoro hata moja unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Hatua ya 4: Hakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenyewe

Igeuze baiskeli utazame sehemu ya chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita. Mara nyingi namba ya fremu hugongwa hapo. Katika baadhi ya baiskeli huwa kwenye bomba fupi la mbele linaloshikilia foki (uma unaobeba gurudumu la mbele), au karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Ilinganishe na risiti kama ipo, na iulizie kwenye rejista ya baiskeli zilizoibwa ikiwa nchi unayoishi inayo.

Namba iliyokwaruzwa, kusagwa au kufunikwa kwa rangi mpya ni sababu ya kuondoka bila mjadala. Kukosa risiti peke yake si ushahidi wa wizi, kwa sababu watu wengi hawahifadhi karatasi kwa miaka mingi. Hata hivyo, mtu aliyeimiliki baiskeli kweli huweza kukueleza imebadilishwa tairi lini, ina tabia gani ikiwekwa gia nzito, na ufunguo wa kufuli lake uko wapi. Asiyejua lolote kati ya hayo, anayetaka mkutane barabarani tu, na anayeharakisha malipo kwa bei iliyo chini mno ya soko, mwache. Kununua mali ya wizi ni kumdhulumu mtu wa tatu ambaye hayupo kwenye mazungumzo, na unafuu wa namna hiyo haumo katika mwongozo huu.

Hatua ya 5: Kagua fremu na foki

Fremu ndiyo baiskeli yenyewe. Vingine vyote hubadilishwa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha ncha ya kidole taratibu chini ya bomba kubwa linaloshuka kutoka kwenye usukani, sentimita chache nyuma ya bomba fupi la mbele. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele mara nyingi huacha alama zake mahali hapo: kikunjo kidogo ambacho kidole hukihisi kabla jicho halijakiona, au rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba unaolizunguka bomba. Ukikihisi kikunjo hicho, usiendelee na hesabu ya bei.

Angalia pia mahali mabomba yanapoungana, hasa kwenye ekseli ya pedali na pale nguzo ya kiti inapoingia. Katika chuma cha kawaida, kutu ya juu juu inayofutika haina madhara makubwa, ila kutu iliyovimbisha rangi kutoka ndani inaonyesha kuwa bomba linaliwa. Katika alumini, ufa ni mwisho wa fremu, kwa kuwa kuunganisha upya kwa moto huharibu ugumu wa madini hayo na huhitaji kazi ya kiwandani kuurudisha. Nyuzi za kaboni ndizo zenye hila zaidi: zinaweza kuwa zimevunjika ndani huku rangi ya juu ikiwa na mkwaruzo mdogo tu. Ukiigonga kaboni kwa sarafu, sauti inayofifia ghafla sehemu moja ni dalili mbaya, lakini sauti nzuri si hakikisho la uzima. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, ushauri wangu ni kuacha fremu ya kaboni isiyo na historia inayoeleweka.

Mwisho, legeza nguzo ya kiti uone kama inasogea. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi inaweza kugandamana nayo kabisa. Hakikisha pia kwamba alama ya kina cha chini iliyochorwa kwenye nguzo haionekani kiti kikiwa katika urefu unaokufaa.

Hatua ya 6: Kagua vinavyozunguka na vinavyochakaa

Inua gurudumu moja baada ya jingine ulizungushe huku ukitazama nafasi kati ya rimu na breki. Kuyumba kidogo hunyooshwa kwa kukaza spoki. Rimu iliyobonyea haina dawa ya kudumu. Kama breki hubana kwenye rimu, gusa uso wake: ukiwa umeliwa ukawa na bonde, rimu imekaribia mwisho, na rimu pamoja na kazi ya kuisuka upya ni gharama kubwa. Kama breki ni za diski, diski nyingi huandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, mara nyingi milimita 1.5.

Shika breki ya mbele, uisukume baiskeli mbele na nyuma. Mgongano unaouhisi mkononi kutoka kwenye bomba la mbele unaonyesha beringi zimelegea au zimekufa. Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Ukinasa katikati kana kwamba una kishimo, beringi hizo zinahitaji kubadilishwa. Shika mikono ya pedali, uivute na kuisukuma kwa ubavu, kwa sababu haipaswi kucheza hata kidogo.

Sasa pima cheni, kwa kuwa kipimo hiki kimoja kinakueleza zaidi kuliko vingine vyote jinsi baiskeli ilivyotunzwa. Weka sifuri ya futi katikati ya pini moja, hesabu hiyo kuwa ya kwanza, kisha soma kipimo katikati ya pini ya 25. Cheni mpya hutoa milimita 304.8. Ikifika takriban milimita 306, imeanza kuchakaa, na katika mifumo yenye sproketi 11 au 12 za nyuma ni wakati wa kuibadilisha. Ikifika 307, ibadilishwe katika baiskeli yoyote yenye gia za kubadilisha. Ikikaribia 308 au kuzidi, hesabu kwamba sproketi za nyuma zimeliwa pamoja nayo, kwa sababu meno yamejichonga kuifuata cheni iliyorefuka na hayataipokea mpya.

Soma pia namba za tairi, mfano 37-622, ambayo maana yake ni upana wa milimita 37 na kipenyo cha kikalio, yaani pale tairi linapokaa kwenye rimu, cha milimita 622. Kipenyo cha 622 hupatikana kwa urahisi, sawa na 559 kwa baiskeli nyingi za milimani za zamani. Baadhi ya baiskeli za zamani zilizoandikwa inchi 27 hutumia 630, na tairi za 622 haziingii humo hata kwa nguvu. Kabla ya kununua baiskeli kama hiyo, hakikisha tairi zake unazipata.

Kama baiskeli ni ya umeme, betri ndiyo kipuri ghali kuliko vyote. Zidisha volti kwa ampea-saa ili upate ujazo wake: betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360 ikiwa mpya, na hupungua kadiri inavyotumika na kuzeeka. Omba kuijaribu ikiwa imejaa. Betri iliyovimba, kupasuka au kufunguliwa na asiye fundi usiikubali hata kwa bure, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.

Hatua ya 7: Iendeshe

Muachie muuzaji kitambulisho au fedha ya dhamana kabla ya kuondoka. Ni haki yake kuogopa. Jaribu breki kwa mwendo mdogo kwanza. Pitia gia zote, kisha kanyaga kwa nguvu ukiwa kwenye kila sproketi ya nyuma ili uone kama cheni inaruka. Mahali pasipo na magari, legeza mikono kidogo kwenye usukani bila kuuachia. Baiskeli inayovuta upande mmoja daima inaweza kuwa na fremu au foki iliyopinda.

Hatua ya 8: Hesabu bei ya haki

Tuseme baiskeli mpya ya aina hiyo ni 100, katika fedha yoyote ile, na iliyotumika ikiwa katika hali njema huuzwa kwa 60. Umekuta cheni na sproketi za nyuma zimekwisha, gharama 7. Tairi moja 4. Waya na raba za breki 2. Ujira wa fundi 3. Jumla ni 16, na kikomo chako ni 44.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudhulumu bila kujua. Ile 60 ni bei ya baiskeli iliyotumika, ambayo tayari imezingatia uchakavu wa kawaida. Tairi iliyobakiza nusu ya maisha yake haistahili kukatwa kama tairi iliyokufa, na muuzaji akikujibu kwamba tairi hiyo itadumu bado, hesabu 2 badala ya 4, kikomo kiwe 46. Vilevile, ikiwa tangazo lilisema waziwazi kwamba cheni imechakaa na bei ikashushwa kwa sababu hiyo, kuikata tena ni kukata mara mbili. Kwa upande wa pili, muuzaji asikudai bei ya kiti cha kifahari alichokiongeza, kwani alikinunua kwa ajili ya starehe yake, na fedha za mapambo hazirudi zote wakati wa kuuza.

Hatua ya 9: Patana bei

Fungua kwa kiasi kilicho chini ya kikomo, lakini kinachoweza kutetewa. Katika mfano wetu, kama muuzaji anataka 55, unaweza kusema: "Ingekuwa nzima ningekupa sitini. Cheni imefika mia tatu na nane, tazama hapa, na breki zinahitaji waya mpya. Naomba tuanzie arobaini." Kisha nyamaza umwache ahesabu. Usijaze ukimya kwa kupandisha bei mwenyewe.

Yapo mambo ambayo mnunuzi mwungwana hayafanyi. Habuni kasoro isiyokuwapo, wala hamwambii muuzaji kwamba cheni kavu ni hatari ilhali tone la mafuta linaitibu. Haibezi baiskeli ya mtu. Hasemi "nina hizi tu mfukoni" wakati ana nyingine. Zaidi ya yote, akishakubaliana bei kwa simu na hali ikawa kama alivyoelezwa, hafiki mlangoni na kiasi pungufu akitegemea kwamba muuzaji ameshachoka kusubiri. Kasoro uliyoikuta na hukuelezwa inafungua mazungumzo upya. Uchovu wa mwenzako haufungui kitu.

Nalo lile swali la muuzaji asiyejua thamani? Maoni yangu ni haya: maarifa uliyoyatafuta ni yako, na hulazimiki kumfanyia utafiti kila anayeuza. Lakini akikuuliza ana kwa ana, "Wewe unaonaje, ina thamani gani?", usimdanganye. Na ikiwa anayeuza ni mtoto, au ni mfiwa anayeondoa vitu vya marehemu bila kuvifahamu, mwambie kabla hajakuuliza. Unaweza bado kupata bei nzuri, kwa kuwa wengi hupenda kumuuzia aliyewaambia kweli. Anayenunua ili auze tena kesho kwa faida ana wajibu mzito zaidi hapa kuliko anayenunua ili aipande.

Bei ikiwa tayari iko chini ya hesabu yako, ilipe kama ilivyo. Kuomba punguzo kwa mazoea kumewapotezea watu baiskeli nzuri zilizochukuliwa na aliyefuata kwenye foleni.

Hatua ya 10: Lipa na mwandikiane

Andikeni karatasi mbili zinazofanana zenye tarehe, majina na saini zenu, namba ya fremu, aina na rangi ya baiskeli, kiasi kilicholipwa, na kasoro zilizojulikana. Sentensi inayotaja kasoro humlinda muuzaji, na namba ya fremu hukulinda wewe.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Muuzaji hakubali uijaribu baiskeli.* Mpe dhamana ya fedha inayolingana na bei, au pendekeza mkutane kwa fundi. Akikataa yote, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

*Umeweka cheni mpya na sasa inaruka ukikanyaga kwa nguvu.* Sproketi za nyuma zimeliwa; zibadilishe. Si kosa la cheni.

*Breki za rimu zinapiga kelele.* Safisha rimu, kwangua kidogo uso wa raba, na uzielekeze ili ncha ya mbele iguse rimu kwanza. Kelele pekee haistahili punguzo kubwa.

*Nguzo ya kiti imegandamana.* Mafuta ya kupenya na subira ya siku kadhaa husaidia wakati mwingine. Kabla ya kununua, ichukulie kana kwamba haitatoka kamwe, na ununue tu ikiwa kiti kiko katika urefu wako.

*Pedali haifunguki.* Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha upande uendako mshale wa saa. Wengi huiharibu kwa kukaza wakidhani wanafungua.

*Umegundua kasoro baada ya kununua.* Jiulize kama ungeweza kuiona kwa ukaguzi wa kawaida. Kama ndiyo, ni mzigo wako. Kama ilifichwa, au uliuliza ukajibiwa uongo, wasiliana na muuzaji mapema, mwonyeshe ushahidi wa fundi, na pendekeza mgawane gharama au arudishe fedha.

*Umeambiwa kwamba baiskeli ni ya wizi.* Usiiuze kwa mwingine. Peleka baiskeli na karatasi za mauziano polisi. Katika nchi nyingi mwizi hawezi kumpa mnunuzi umiliki, hata mnunuzi akiwa amelipa kwa nia njema, kwa hiyo dai lako la fedha litamhusu aliyekuuzia, na jina lake unalo kwenye karatasi.